Ukuta Usiofika Juu

Habari za kifo cha Bwire zilinikuta nyumbani Kiseke, asubuhi, nikipalilia mchicha ambao ungeota vizuri tu bila mimi. Aliyepiga simu alikuwa binti yake mkubwa, Tereza. Alisema, "Shikamoo, baba mdogo," nikaitika marahaba, kisha akaniuliza kama nimekaa, nami nikajua. Baba yake alikuwa amelazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa figo. Msiba uko Mabatini, alisema, kwenye nyumba waliyopanga, na mama ameagiza nisikose kwa sababu kuna kazi yangu. Sikuuliza kazi gani. Mtu aliyefundisha historia chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini, akiitwa msibani, kazi yake inajulikana: atasoma wasifu wa marehemu, maana amezoea kusimama mbele ya watu na koti analo.

Bwire si jina lake. Tereza naye si Tereza, na kijiji ambako haya yalitokea sitakitaja, wala sitasema kiko upande gani wa ziwa. Nitasema tu kwamba ukisimama mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, asubuhi isiyo na ukungu, vile visiwa unavyoviona mbali ni vya nchi nyingine. Walionisoma watashangaa, kwa sababu mimi nilijulikana kwa kutaja. Nilikuwa mtu wa majina. Hakuna kitabu changu kisicho na orodha ndefu mwishoni: kila aliyefungua mdomo mbele yangu, umri wake, ukoo wake, asili yake. Leo nimestaafu, goti moja halikunjiki, na nikiandika habari za mwaka ule nawapa watu majina ya kuazima. Ni kazi ya dakika tano. Ningeweza kuifanya wakati ule, na wala nisingepungukiwa na kitu ila sifa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifika kijijini mwezi wa pili nikiwa na begi moja, redio kaseti, na barua tatu zenye mihuri zilizosema kwamba mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu na nafanya utafiti juu ya historia ya mpaka. Mwenyekiti wa kijiji alizisoma zote tatu, akazikunja, akaniuliza kama naweza kula ugali wa muhogo. Nikasema naweza. Basi akasema nitakaa kwa Mzee Majura, kwa kuwa nyumba yake ndiyo yenye chumba kisichojaa nyavu. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano ya kwanza, na aliyehojiwa nilikuwa mimi. Natamani wangeendelea kunihoji. Wangeniuliza ninachukua nini, ninakipeleka wapi, nani atakisoma. Lakini watu wale walikuwa na adabu, na mgeni mwenye barua za mihuri kwao alikuwa mgeni kwanza, barua baadaye.

Nyumba ya Mzee Majura ilikuwa ya matofali ya udongo na mabati, imesimama hatua chache kutoka majini, na nyuma yake makaburi mawili yaliyozungushiwa mawe. Kuta za ndani hazikufika juu. Zilikomea usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye mabati palikuwa wazi, kwa hiyo moshi wa jikoni, harufu ya dagaa na maneno ya kila mtu vilizunguka nyumba nzima bila kuzuiwa. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia shati, na meza iliyotengenezwa kwa ubao wa mtumbwi uliovunjika. Ukiiegemea, mkono uliteleza kwa mafuta ya samaki ya miaka mingi. Siku ya kwanza, Mama Bwire, mke wa mzee, aliniletea maji ya kuoga, akasimama pale penye pazia lililokuwa mlango, akanifundisha sheria ya nyumba. Mtu akiwa chumbani mwake na wengine wakaanza mazungumzo upande wa pili, akohoe, ili wajue kwamba yupo. Wakitaka asikie wataendelea. Wasipotaka watatoka nje.

"Humu ndani hatuna milango, mwanangu," alisema. "Mlango wetu ni kikohozi."

Nilicheka, nikaona ni jambo zuri, nikaliandika. Kila kitu nilikiandika. Nilikuwa na daftari la mahojiano, ambalo watu waliliona, na daftari la pili, ambalo nililiita la jikoni, ambamo niliandika yaliyosemwa wakati redio kaseti imezimwa. Msimamizi wangu, profesa mkubwa wa chuo, ndiye aliyenifundisha hivyo. Mtu akihojiwa, alisema, huvaa nguo za kanisani. Mkamate akiwa anakula. Kwa hiyo kila baada ya chakula niliaga, nikaingia chumbani, nikaandika mbio mbio kabla maneno hayajapoa. Mama Bwire aliligundua hilo mapema. Alikuwa akiwaambia wageni mbele yangu kwamba mimi, Masanja, nakula mara mbili, kwa mdomo na kwa masikio, na watu walicheka, nami nilicheka kuwashinda.

Na chakula kilikuwapo. Tulikula sinia moja, Mzee Majura, mwanawe Bwire na mimi, ugali wa muhogo mweusi unaovutika, na sato aliyechemshwa na nyanya na chumvi tu. Miezi miwili ya mwanzo Mama Bwire alinielekezea kichwa cha samaki kila siku. Siku moja kichwa kikaelekezwa kwa baba mwenye nyumba, mimi nikapata mkia, sawa na Bwire. Nilinuna. Nilidhani nimekosea kitu, au kwamba sukari niliyoleta kutoka mjini haikutosha. Bwire alipoona nimekunja uso aliniuliza kulikoni, na nilipomweleza alicheka mpaka akashika kifua. Kichwa ni cha mgeni, alisema. Mtoto wa nyumbani anakula kinachobaki. Hivyo ndivyo nilivyopokelewa katika nyumba ile, bila hotuba, kwa mkia wa samaki. Nililiandika hilo pia, katika daftari la jikoni, chini ya kichwa cha habari "Mgawanyo wa chakula", nikageuza ukurasa.

Bwire alinizidi miaka miwili. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mikono imekolea grisi, na alikuwa na akili ya kuuliza kuliko mimi niliyesomea kuuliza. Alinibebea redio kaseti kijiji hadi kijiji. Mzee akizunguka zunguka, mimi niling'ang'ania maswali yangu kumi na manne; Bwire aliomba ugoro, akauliza habari za ng'ombe aliyepotea mwaka fulani, na mzee akafunguka. Hata hivyo, penye jambo nililolitaka, hakuna aliyefunguka. Nilitaka mtu aliyevuka. Hoja yangu yote ilikuwa kwamba mpaka ule uliochorwa na wakoloni juu ya maji haukuwatenga watu kama vitabu vinavyosema, kwamba watu walivuka, wakabadili ukoo, wakabadili jina, wakawa wengine. Lakini kila niliyemwuliza alijibu kwamba wao ni wa hapa hapa, baba zao wa hapa hapa, na babu wa babu pia. Nilijaza kaseti arobaini za watu wa hapa hapa.

Mwezi wa saba msimamizi alikuja kunikagua. Alikaa siku mbili, akala samaki watatu kwa mlo, vichwa vyote vikiwa vyake, na akayasoma madaftari yangu akiwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba huku kuku wakipita kati ya viatu vyake. Alipomaliza aliyaweka chini, akaniambia kwamba nina hadithi nzuri ila ushahidi sina. Anataka mtu mmoja tu. Jina lake, ukoo aliouacha, ukoo aliouingia, mahali alipotoka.

"Asiye na jina hajasema kitu," alisema. "Bila jina, huo ni umbea tu."

Sentensi hiyo niliibeba maisha yangu yote. Niliwafundisha nayo wanafunzi, niliwakatia alama kwa ajili yake, na nilipokuwa mkuu wa idara niliwahi kuiandika ubaoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza, yaani mwenye jina atapata nini. Siku ile nilijua tu kwamba muda wa masomo unakwisha mwezi wa kumi na mbili, kwamba profesa amepanda gari lake bila kunisifu, na kwamba nitarudi chuoni na kaseti arobaini zisizo na kitu.

Mwezi wa tisa Bwire alimpata Nyangeta, binti wa kijiji cha tatu kutoka chetu, na nyumbani wakaanza kuzungumzia posa. Katika siku hizo homa ilinikamata. Nilikuwa nimeaga kwamba nashinda mwaloni, lakini saa sita miguu ikagoma. Nikarudi kwa njia ya nyuma, nikapita uani ambako hapakuwa na mtu, nikajitupa kitandani. Mama Bwire alikuwa shambani. Nilikuwa nimefunikwa shuka hadi kidevuni wakati Mzee Majura na mwanawe walipoingia chumba cha pili, nikasikia kigoda kikivutwa. Mzee alianza moja kwa moja. Kabla ya kupeleka posa, alisema, kuna neno ambalo kijana anapaswa kuelezwa na baba yake mara moja tu katika maisha. Babu yake hakuzaliwa katika ukoo huu. Alivuka na mtumbwi kutoka upande wa pili, peke yake, akikimbia kodi na kazi za shuruti, akaangukia hapa akiwa na kidonda mguuni. Mkubwa wa ukoo akampokea. Wakachanjiana, damu kwa damu, akapewa jina, akapewa ule ufukwe ajenge. Na siku waliyochanjiana ukoo mzima ulikula kiapo kwamba hakuna atakayemwuliza alikotoka, na yeye akala kiapo kwamba wala yeye wala kizazi chake hawatasema. Mzee Majura alitaja ukoo ulioachwa na mahali penyewe, ili tu Bwire ahakikishe kwamba kwa Nyangeta hakuna damu ya huko, asije akaoa dada yake.

"Hili halitoki humu," alisema.

Koo lilikuwa linaniwasha. Naomba msomaji anielewe vizuri hapa, maana katika miaka yote hii sijawahi kuliandika. Nilikuwa na homa, kifua kimejaa, na kikohozi kilikuwa kinakuja chenyewe, cha ugonjwa, hata nisingehitaji kujilazimisha kuwa na adabu. Nilichukua pembe ya shuka nikajiziba mdomo. Machozi yalinitoka kwa kukizuia. Nilikizuia mpaka kigoda kikavutwa tena, wakatoka, nikasikia Bwire akinawa mikono uani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ndipo nikaketi na kuandika jina la babu, jina la ukoo, jina la mahali, kila kitu. Watu wanaponiuliza kama nilijisikia vibaya, wale wachache niliowadokezea, huwa natamani kusema ndiyo. Nilifurahi. Tangu nizaliwe sikuwahi kufurahi hivyo.

Jioni ile Mama Bwire alisikia kwamba naumwa, akanipikia uji wa ulezi, akakaa pembeni mpaka nilipoumaliza. Mzee Majura alinipa pole. Kesho yake Bwire alinisindikiza zahanati, na njiani, akiwa mbele yangu, bila kugeuka, akaniuliza jana mchana nilikuwa wapi. Nikasema mwaloni. Akasema, haya. Mwezi wa kumi na mbili alioa, nami nilisimama kando yake kanisani kama mpambe wake, kwa sababu hakuwa na ndugu wa kiume, alikuwa na dada wawili tu. Mama yake ndiye aliyeniteua. Siku tatu baadaye nikafunga begi, nikaondoka na madaftari yangu yote mawili.

Mwaka wenyewe uliishia hapo. Yaliyofuata yalichukua muda mrefu zaidi, lakini yote yalikuwa yameshafanyika siku ile ya homa. Mwishoni mwa tasnifu yangu kulikuwa na kiambatisho chenye jedwali la safu nne: jina, umri, ukoo, asili. Katika safu ya nne, ukurasa baada ya ukurasa, neno ni lile lile, wa hapa, wa hapa, wa hapa, mpaka unapofika kwa Majura. Watahini walisema mfano ule ndio moyo wa kazi. Tasnifu ikawa kitabu, na jedwali likabaki kama lilivyokuwa. Niliwahi kujiuliza, sikatai. Nilijijibu kwamba kitabu ni cha Kiingereza, na watu wa kule hawasomi Kiingereza. Jibu hilo lilinitosha miaka mingi. Na huku najijibu hivyo nilikuwa nikisimama kwenye mikutano ya wanahistoria, ndani na nje ya nchi, nikisema kwamba kazi yetu ni kuwapa wanyonge sauti.

Kitabu kilipotoka nilikipeleka kijijini mwenyewe, kwa fahari, maana tulikuwa tumeanza kuambiana vyuoni kwamba utafiti lazima urudishwe kwa wananchi. Nakala moja niliitoa shule ya msingi mbele ya wanafunzi waliopanga mistari. Mzee Majura alikuwa amekwisha kufa, kaburi la tatu liko nyuma ya nyumba. Nilipokaa jikoni kwa Mama Bwire alifuta mikono kwa kitenge, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza nyuma na mbele. Akaniuliza kama Majura yumo. Nikamwambia yumo. Akaomba nimwonyeshe. Nikamfungulia jedwali, nikamshika kidole, nikamwekea kwenye jina la mumewe, naye akakipitisha kidole taratibu kwenye mstari mzima, jina, umri, ukoo, asili, akitabasamu, kwa kuwa kusoma hakujua. Halafu akanipakulia samaki. Siku hiyo nilipewa mkia, nami nikala.

Mama Bwire alifariki kabla ya mabaya kuanza, na hilo ndilo jambo pekee ninaloshukuru katika habari hii. Walikuja watu wa vizimba, wale wanaofuga samaki ziwani kwa nyavu, wakitafuta ufukwe wa kukodi kwa miaka mingi, na ufukwe uliofaa kuliko yote ulikuwa ule wa Majura. Ghafla kila mtu akawa na habari na ardhi ya ukoo. Mwalimu mmoja wa pale shuleni, mtu wa ukoo ule ule, alikuwa amekisoma kitabu changu kwa subira, na Kiingereza alikijua vizuri kuliko nilivyowadhania watu wa kule. Kwenye kikao cha ukoo aliusoma mstari wa Majura, akautafsiri, akaonyesha jina la mwandishi na cheo chake. Nasikia wazee walisita, kwa sababu waliokula kiapo walikuwa baba zao. Lakini kiapo kiliwafunga wasiulize wao; hakikusema kitu kuhusu profesa aliyekwisha sema. Kikao kikaamua kwamba Bwire ni wa kuja, amefadhiliwa, na fadhila imekwisha. Wakampa msimu mmoja wa mavuno ahame.

Alikuja kwangu Kiseke siku ya Jumamosi, amevaa shati la kanisani, na sato mkubwa amefungwa kwenye gazeti. Alimpa mke wangu yule samaki, akaketi, akaulizia afya ya kila mmoja. Kisha akaeleza kilichomleta. Anaomba barua. Ukoo umesema kwamba mwenye kitabu akiandika na kusaini kuwa pale alikosea, watakaa tena. Sentensi mbili zingetosha. Hakuniuliza nilijuaje, hakuniuliza kwa nini. Mwezi ule faili langu la kupandishwa kuwa profesa kamili lilikuwa mbele ya kamati, na kitabu kile ndicho kilichokuwa juu ya faili. Nilimweleza Bwire, kwa sauti ile ninayotumia kwa wanafunzi, kwamba mwanahistoria hawezi kufuta ukweli kwa sababu ukweli umemwumiza mtu, kwamba ikiwa nitafuta huu nitafuta yote.

"Siwezi kuandika kwamba nilikosea, Bwire," nilisema, "kwa sababu sikukosea."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Aliposimama kuondoka alinitazama, bila hasira yoyote, na hapo ndipo aliposema lile analoendelea kunisemea mpaka leo.

"Siku ile ulikuwa ndani. Ungekohoa tu."

Uprofesa niliupata. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda hasomei, na baada ya kupiga teke hapandishwi cheo. Bwire alihamia Mabatini na mkewe na watoto, mtu aliyezaliwa akisikia maji, akakodi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa anatengeneza pampu na jenereta. Nilimtembelea mara nne katika miaka yote hiyo. Kila mara alinipokea, na kila mara watoto waliniamkia na kuniita baba mdogo, ingawa mimi ndiye niliyesababisha wakulie pale. Kule ufukweni sasa kuna uzio wa waya na mlinzi, na makaburi manne yako ndani ya uzio. Hata kumzika Bwire kando ya baba yake haikuwezekana; ilikuwa azikwe makaburi ya mjini.

Nilifika msibani saa nne. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya ukuta wa duka na nguzo ya umeme, wanawake wanachambua mchele, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiongea kwa sauti ya chini juu ya mvua. Ukoo nao ulikuwa umekuja, kama ukoo unavyokuja misibani hata kwa mtu uliomfukuza, na safu ya mbele nilimwona yule mwalimu, sasa mzee kama mimi, fimbo katikati ya magoti. Alinisalimia kwa heshima. Aliniita profesa. Nyangeta alinipokea ndani, amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kanga, na baada ya kupeana pole akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa kutoka chini ya mto.

"Alimwambia Tereza aandike, akiwa hospitali," alisema. "Shemeji, mimi jina lako nisingeliweka. Lakini maneno ni yake. Mimi sipunguzi maneno ya mtu, wala siyapeleki asikoyapeleka mwenyewe."

Nikasema asante, shemeji, nikatoka na karatasi nikiwa sijaisoma, kwa kuwa macho yalikuwa hayaoni vizuri, na hivyo nikasimama kando ya jeneza nikiwa sijui kilichomo. Mwongozaji wa shughuli akawaomba watu watulie. Nilivaa miwani. Nikakohoa. Yule mwalimu aliinua kichwa.

Sentensi ya kwanza ilisema kwamba marehemu alizaliwa katika ukoo ule, na ukoo ukatajwa kwa jina, katika kijiji kile, na kijiji kikatajwa, mtoto wa pili wa Majura, mwana wa ukoo ule ule. Nilisimama hapo. Sikusimama ili watu wahuzunike, nilisimama kwa sababu nilielewa. Ndiyo ile barua aliyoniomba. Sentensi moja, kwa maneno yake mwenyewe, na mtu wa kuisoma alikuwa amemchagua, mbele ya wote waliokaa kikao kile. Watu wa ukoo walinitazama. Yule mwalimu alikuwa anaisubiri midomo yangu, na nadhani alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba kitabu changu kinasema vingine. Nikaisoma tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, kila jina mahali pake, na hakuna aliyenikatiza. Imechelewa miaka mingi mno. Haikumrudishia mtu ufukwe, na mlinzi wa uzio hakuisikia.

Nikaendelea na shule aliyosoma, kazi zake, ndoa, ugonjwa. Nikafika mwisho, palipoandikwa kwamba marehemu ameacha mke mmoja, watoto watano, wajukuu wanne, na ndugu watatu. Ndugu wakaorodheshwa. Wa kwanza alikuwa dada yake mkubwa, na pembeni mahali alipoolewa. Wa pili dada yake mdogo, na pembeni mahali alipoolewa. Wa tatu aliitwa Masanja. Pembeni hapakuwa na kitu, wala cheo, wala ukoo, wala nilikotoka. Nililisoma hivyo hivyo lilivyoandikwa, nikaikunja karatasi, nikaenda kuketi walipoketi ndugu.